Kipusa, Malkia, Jikedume: Lugha ya Kurasa za Michezo na Wanariadha Wawili wa Nyeri

Kiswahili hakina kiwakilishi kimoja cha mwanamume na kingine cha mwanamke. Anayekimbia anakimbia, aliyeshinda ameshinda. Kiambishi cha nafsi ya tatu hakimwulizi mtu ameumbwaje kabla ya kumruhusu aingie katika sentensi. Jambo hili hufundishwa mapema shuleni, hutajwa kwa fahari katika mihadhara ya isimu, kisha huachwa papo hapo. Makala haya yanalitoa darasani na kulipeleka kwenye kurasa za michezo za magazeti ya Kiswahili nchini Kenya, ambako jinsia ya mchezaji wa kike hutajwa hata pale isipohitajika. Hoja itakayojadiliwa ni kwamba jinsia hiyo haikuletwa na sarufi. Imeletwa na mwandishi, ama kwa neno la pambo, ama kwa tafsiri ya haraka kutoka Kiingereza. Na kwa vile imeletwa, mletaji anaweza kuulizwa sababu.

Mjadala utaegemea wanariadha wawili wa Nyeri. Wa kwanza ni Catherine Ndereba wa Gatung'ang'a, aliyezaliwa mwaka 1972. Huyu alishinda marathoni ya Boston mara 4 (2000, 2001, 2004 na 2005), akawa bingwa wa dunia mwaka 2003 na tena mwaka 2007, na akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004 na ya Beijing mwaka 2008. Mjini Chicago, tarehe 7 Oktoba 2001, alikimbia kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, muda ambao hapana mwanamke aliyekuwa ameufikia. Wa pili ni Margaret Nyairera Wambui wa Endarasha, aliyezaliwa mwaka 1995. Mwaka 2014 alikuwa bingwa wa dunia wa chipukizi katika mita 800, huko Eugene, Marekani. Mwaka 2016 alipata shaba ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro, na mwaka 2018 fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast, Australia. Wote wawili ni watoto wa Nyeri, na wote wawili walikwea jukwaa la Olimpiki. Lugha iliyotumika kuwaeleza haifanani hata kidogo.

Yafaa kuanza na msamiati wa kawaida, ule ambao msomaji wa kila siku ameuzoea hata haumshtui tena. Vitenzi vya ushindi katika uandishi wa michezo wa Kiswahili ni vitenzi vya kipigo. Timu hucharazwa, hunyukwa, hulimwa, huchabangwa, hugaagazwa, na yenye bahati mbaya hufunzwa adabu. Msamiati huu ni hazina, wala hapana sababu ya kuuonea haya; Kiingereza cha michezo hakina hata nusu ya utajiri huo. Lakini wanaopiga wanapokuwa wanawake, huongezewa jina lisilotoka uwanjani: vipusa, warembo, mabinti, akina dada. Matokeo yake ni sentensi za namna hii, iliyotungwa hapa kwa ajili ya mfano tu: “Vipusa wa Kenya wawacharaza wenzao wa Uganda.” Kitenzi kimeshika fimbo na kiima kimeshika kioo. Anayesoma anaalikwa kuuona ushindi, na papo hapo anaambiwa kuwa walioshinda ni wa kutazamwa kwa sababu nyingine.

Neno “kipusa” lenyewe lastahili kusimamiwa kidogo. Katika kamusi, kipusa ni kwanza pembe ya kifaru, bidhaa ya thamani iliyosafirishwa ng'ambo tangu zamani. Msichana mzuri akaitwa kipusa kwa sababu ya thamani hiyo. Msemaji wa Mombasa huenda asiikumbuke tena pembe, lakini msomaji wa Nyeri au Nanyuki hana haja ya kamusi: hifadhi za Solio na Ol Pejeta ziko hapo karibu, na vifaru hulindwa kwa bunduki usiku na mchana kwa sababu ya kipusa chao. Sitiari hii ni ya mnunuzi. Humthamini kiumbe kwa kile kinachoweza kukatwa kwake. Mwandishi wa michezo hakukusudia hayo, bila shaka. Lakini uhakiki wa lugha haungoji makusudio.

Majina ya timu nayo yanaingia katika hesabu hiyo. Timu ya taifa ya wanaume ya kandanda ni Harambee Stars. Ya wanawake ni Harambee Starlets, yaani nyota zimefanywa vijinyota. Hao vijinyota walio wadogo kuliko wote, wasichana wa chini ya miaka 17, ndio waliokuwa timu ya kwanza ya Kenya ya kandanda kufika fainali za Kombe la Dunia, mwaka 2024 katika Jamhuri ya Dominika. Nyota kubwa hazijafika. Tanzania iliitatua kazi hii kwa urahisi zaidi ilipoiita timu yake ya wanawake Twiga Stars: twiga ni mrefu, na hana udogo wa kuombewa radhi. Timu ya voliboli ya Kenya, Malkia Strikers, imepata cheo kikubwa, na hapana wa kulalamika. Hata hivyo malkia hutawala kwa kuketi, ilhali wachezaji hao hula mkate wao kwa kuruka na kupiga.

Tatizo ni zito zaidi katika vivumishi. Chukua neno “mkali”. Mshambuliaji mkali ni sifa. Kipa mkali ni sifa. Bondia mkali ni sifa ya juu kabisa. Mwanamke mkali si sifa. Mara nomino inapobadilika, kivumishi kilekile huhama kutoka uwanjani na kuingia jikoni, na maana yake inakuwa mke asiyeelewana na mumewe. Kiswahili hakina neno moja la kutaja ile hali ya mchezaji kuingia mchezoni kwa nguvu na nia ya kumshinda mwenziwe bila ya kumchukia. Tuna ari, ukali, ujasiri, uchokozi, ushupavu. Kila moja linagusa upande. Mwanamume hupewa maneno hayo yote bila kuulizwa. Mwanamke hupimiwa. Akipigana sana, huambiwa amepigana kiume, na kielezi hicho kinampa ushindi kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa wa pili.

Ndereba aliepukana na hayo kwa njia inayofaa kuchunguzwa. Neno alilopewa mara nyingi ni uvumilivu. Marathoni ni mbio za kuvumilia, ni kweli. Lakini uvumilivu pia ni fadhila ambayo fasihi ya Kiswahili imemsifia mwanamke kwa muda mrefu, na anayeujua Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa kiasi cha mwaka 1858, anajua jinsi wosia wa mama kwa binti ulivyoielekeza subira hiyo kwa mume. Ndereba alikuwa mama, mcha Mungu, mtu wa tabasamu na maneno ya upole. Magazeti ya Marekani yalipenda kusimulia kwamba mumewe ndiye aliyemtunza binti yao wakati mama yuko ng'ambo, na hata hilo likasimuliwa kwa utamu, kama ajabu ndogo ya kupendeza. Kwamba aliajiriwa na Idara ya Magereza, kazi isiyo ya tabasamu, lilikuwa jambo la kutajwa kwa pembeni tu.

Lakini tazama alivyokimbia. Katika Olimpiki ya Athens alianza kuwafukuza waliotangulia baada ya mbio kuiva, akampita mmoja baada ya mwingine mpaka akabakiwa na Mizuki Noguchi wa Japani peke yake, aliyemshinda kwa sekunde 12. Huko Beijing alikuwa na miaka 36, na medali ya fedha aliipata kwa sekunde 1 dhidi ya Zhou Chunxiu, Mchina aliyekuwa akikimbia nyumbani kwao mbele ya watu wa kwao. Mtu hapati sekunde moja baada ya kilomita 42 kwa kuvumilia. Aliyeipata aliitaka, akamnyima mwingine. Huo ndio ukali ambao lugha ya habari haikuwa na mahali pa kuuweka, kwa hiyo ikauita subira. Heshima aliyopewa Ndereba ni ya haki. Kilichokosekana humo ni mbio zake.

Nyeri, zaidi ya sehemu nyingine za Kenya, ina dhihaka yake tayari juu ya mwanamke mwenye nguvu. Mapema mwaka 2012, baada ya visa vya wanaume kujeruhiwa na wake zao huko Nyeri kuenea magazetini, “mwanamke wa Nyeri” akageuka kuwa mhusika bapa wa vibonzo, wa vichekesho vya redio na televisheni, na wa matani ya matatu. Chama cha Maendeleo ya Wanaume kiliwahimiza waume wasuse chakula cha nyumbani. Hapana budi kusema wazi kwamba mume anayepigwa ni mtu aliyepigwa, na kuchekwa kwake magazetini kulikuwa ukatili wa pili. Kinachohusu makala haya ni jinsi kinyago hicho kilivyobaki baada ya habari yenyewe kupita, kikingojea uso wa kuvaa.

Kinyago hicho kina mababu. Huko Weithaga, upande wa Murang'a, inasimuliwa habari ya Wangu wa Makeri, mwanamke aliyepewa uongozi na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Masimulizi yanasema aliwakalia wanaume waliokosa kulipa kodi, na kwamba mwaka 1909 aliacha cheo baada ya kucheza kibata, ngoma ya wapiganaji wanaume. Liwe lolote lililotokea uwanjani siku ile, simulizi imechagua kukumbuka mwili: mwanamke aliingia katika ngoma isiyokuwa yake, na mwili wake ukamponza. Utawala wake, mema yake na maovu yake, umekuwa dibaji tu ya ngoma ile. Mwenye kuhakiki fasihi simulizi ataona kwamba muundo huu hauko mbali na ukurasa wa michezo. Kwa upande mwingine, Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa msituni aliyefariki mwaka 2023, aliitwa Fildi Mashali mpaka mwisho, na hapana aliyethubutu kumwita kipusa. Cheo cha vita kilimtosha. Yafaa mtu ajiulize kwa nini cheo cha uwanjani hakitoshi.

Hapa ndipo tunapofikia Rio. Tarehe 20 Agosti 2016, katika fainali ya mita 800 za wanawake, Caster Semenya wa Afrika Kusini alishinda kwa dakika 1 na sekunde 55.28, Francine Niyonsaba wa Burundi akawa wa pili kwa 1:56.49, Wambui wa tatu kwa 1:56.89. Kabla jasho halijakauka, mjadala ulikuwa umeshahama kutoka miguuni mwao. Uliingia katika vifua, mataya na sauti. Mpolandi aliyemaliza wa tano alisema alifurahi kuwa Mzungu wa pili kumaliza, kauli iliyofichua mengi kuliko alivyotaka: kipimo cha mwanamke wa kweli kilikuwa na rangi yake.

Jambo ambalo halikutajwa ni la lugha. Semenya ni Mpedi, Niyonsaba ni Mrundi, Wambui ni Mgikuyu. Kipedi, Kirundi na Kigikuyu ni lugha za Kibantu, na hapana hata moja kati ya hizo tatu inayotenga nafsi ya tatu ya kike na ya kiume. Yaani wote watatu waliokuwa jukwaani walilelewa katika lugha ambazo mtu anaweza kusimuliwa maisha yake yote, tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, pasi na sentensi kulazimika kuamua jinsia yake. Hii haina maana kwamba jamii hizo hazina mipaka kati ya kike na kiume. Zinayo, na mingine ni mikali kupita ya Wazungu. Ila mipaka hiyo imo katika desturi, katika kazi na katika mirathi, si katika kitenzi. Kiingereza hakiwezi hivyo. Kila kinapomtaja mtu kwa kiwakilishi hupiga kura juu yake, na kwa miaka kadhaa kura hiyo ndiyo iliyokuwa habari.

Basi habari za Wambui zilisafiri hivi: kutoka Endarasha, ambako alizungumzwa kwa Kigikuyu bila swali, zikaenda kwenye mashirika ya habari ya ng'ambo, ambako aliwekwa ndani ya swali kwa Kiingereza, kisha zikarudi Nairobi zikafasiriwa kwa Kiswahili. Mfasiri angeweza kuliacha swali mpakani. Kiswahili kingemruhusu aandike kwamba Wambui alikimbia, akamaliza wa tatu, akapokea medali. Badala yake swali lilivushwa, na kwa kuwa halikupata nafasi katika kiambishi, likatafutiwa nafasi katika nomino.

Nomino hiyo ni “homoni za kiume”. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2018 na shirikisho la riadha la dunia, zikaanza kutumika tarehe 8 Mei 2019 baada ya Semenya kushindwa katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, ziliwataka wanariadha wenye maumbile fulani wapunguze testosteroni iwe chini ya nanomoli 5 kwa lita kwa miezi 6 kabla ya kushindana katika mbio za mita 400 hadi maili moja. Testosteroni imo katika damu ya wanaume na wanawake, kwa viwango tofauti. Hapana mwanamke asiyekuwa nayo. Lakini ikishaitwa homoni ya kiume, ubishi umekwisha kabla haujaanza. Sentensi “mwanamke huyu ana homoni nyingi za kiume” haielezi kipimo cha maabara. Inatoa hukumu, na hukumu hiyo imefichwa katika kivumishi ambacho mwandishi anaamini ni jina tu la kitu. Kiingereza chenyewe, pamoja na viwakilishi vyake, kina jina la kitaalamu lisilotaja kike wala kiume. Kwa hiyo lugha isiyo na jinsia katika nafsi zake imemhukumu mwanariadha huyu zaidi ya lugha iliyo nayo. Hilo ni jambo la kusikitisha kwa wanaokipenda Kiswahili.

Patakuwa na pingamizi, nayo ni ya haki. Itasemwa kwamba michezo imegawanywa kwa jinsia, na mwandishi hana budi kumwambia msomaji ni mbio zipi. Naam, lakini mbio zikishatajwa kuwa za wanawake, kazi hiyo imekwisha. Itasemwa pia kwamba suala la haki ya washindani wengine si la porojo: aliyekuwa wa nne Rio, Melissa Bishop wa Kanada, aliikosa medali kwa sekunde 0.13, naye pia alikuwa na mazoezi na machozi yake. Hilo nalo ni kweli, wala makala haya hayana uwezo wa kuamua mahali pa kuweka mpaka ambao wanasayansi na mahakimu wameshindwa kukubaliana juu yake. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua mwaka 2023, na tena kupitia Jopo Kuu mwezi Julai 2025, kwamba Semenya alikosewa haki fulani na Uswisi, na bado kanuni zimebaki na zimeongezwa ukali: mwaka 2023 ziliingizwa katika mashindano yote kwa kiwango cha nanomoli 2.5, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 kila anayetaka kushindana na wanawake katika mashindano ya dunia hupimwa jeni. Ubishi upo na utaendelea. Madai ya hapa ni madogo: Kiswahili kisijifanye kimeshaumaliza.

Gharama yake si ya kinadharia. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Wambui, aliyekataa kutumia dawa za kubadili mwili ambao hakuona ugonjwa ndani yake, hakupata njia kama hiyo. Akiwa na miaka 23 mbio alizozijua zilifungwa. Kwa msichana wa Kieni, eneo kavu la mlima ambako shamba halina uhakika, mita 800 zilikuwa kazi, na kazi ilipokwisha magazeti pia yaliondoka.

Mwaka 2021, akizungumza na BBC, Wambui alitoa pendekezo: liwepo kundi la tatu la mashindano kwa wanariadha wenye testosteroni nyingi, ili na wao wapate pa kukimbilia. Wapo waliolikataa kwa kuliona kuwa ni kutengwa, na hoja yao ina uzito. Lakini kwa mhakiki wa lugha pendekezo hilo lina swali la pembeni: kundi hilo litaitwaje kwa Kiswahili? Neno la zamani, “huntha”, lilitoka katika vitabu vya sheria ya Kiislamu, lina heshima yake ya kitaaluma, na mitaani limekuwa tusi. Msemo “wenye jinsia mbili”, unaotumika sana Kenya, unasema jambo lisilokuwa kweli, kwani hapana mtu aliyeumbwa mara mbili. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,524 wa namna hiyo nchini, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imewataja watoto wao kwa Kiingereza kinachoeleweka. Kiswahili chake bado kinayumba. Na kutumia lolote kati ya majina hayo kwa mwanariadha ambaye hakujiita hivyo ni kumpa utambulisho bila ruhusa yake, jambo ambalo kanuni za riadha zenyewe hazikumpa mwandishi.

Mpaka jina hilo litakapopatikana, mwandishi wa michezo anayo sentensi ambayo haihitaji istilahi mpya wala kamati ya kuisanifisha. Kiima chake ni Wambui, kiambishi chake ni a-, na kitenzi chake ni kukimbia.